Harakati zisizo na mpimaji wa pili

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua tuzungumzie jambo ambalo magazetini huandikwa kwa kelele nyingi na hesabu kidogo: ugomvi ndani ya vikundi vinavyotetea haki za mashoga. Vikundi hivyo vikigombana, wanaovipinga hushangilia kwamba wenyewe kwa wenyewe hawaelewani, na wanaoviunga mkono hunong'onezana kwamba tunyamaze, wabaya wetu watasikia. Sisi kazi yetu ni vitabu vya hesabu vya asasi za kiraia hapa Kanda ya Ziwa: za afya, za wavuvi, za wajane, za vijana. Tukivitazama vikundi hivi kwa jicho la kazi yetu, tunaona vinagombana kwa sababu zile zile zinazowagombanisha wana VICOBA na wana ushirika. Ila mwana ushirika akidhulumiwa ana pa kwenda kushtaki. Hawa hawana.

Neno "mashoga" tunalitumia kwa kuwa ndilo lililozoeleka magazetini. Wenyewe wengi hupendelea kuitwa wapenzi wa jinsia moja, na wanawake wa mjini wataendelea kuitana "shoga" kwa maana ya rafiki bila kuomba ruhusa ya mtu. Imani ya msomaji kuhusu jambo lenyewe hatuigusi. Tunagusa sanduku la fedha.

Mkoa huu una historia yake katika hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma walikuwa wamechoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Wakaweka watu wao kando ya mizani, wapimaji wa pili, wapime tena kile ambacho mnunuzi amekwisha kupima. Juu ya msingi huo Paul Bomani na wenzake wakajenga vyama vya msingi, na mwaka 1955 likazaliwa hapa Mwanza shirikisho la vyama vya ushirika, VFCU, mojawapo ya vyama vikubwa kabisa vya ushirika vilivyomilikiwa na Waafrika. Miaka 11 baadaye, 1966, serikali ililazimika kuunda kamati maalumu ya kuchunguza vyama vya ushirika, maana sasa mkulima alikuwa analalamika kwamba anayempunja ni chama chake mwenyewe. Aliyekuja kumkomboa alikuwa ameshika mizani peke yake.

Tuchukue mfano wa karatasi moja. Semina ya siku moja Ilemela, karatasi ya mahudhurio ina majina 40 na sahihi 40. Nauli na posho ni shilingi 20,000 kwa kichwa, jumla 800,000. Hadi hapo hakuna la kuuliza. Geuza sasa hati ya mama lishe iliyobanwa nyuma yake: chai na vitumbua sahani 23, soda 24, wali samaki sahani 23. Rudi kwenye mahudhurio. Kuanzia namba 24 hadi 40 wino ni ule ule, herufi "k" imekatwa kwa mtindo mmoja, na sahihi zimelala upande kama za mtu anayewahi kivuko cha Kamanga. Watu 17 hewa, kila mmoja 20,000, ni shilingi 340,000.

Kwenye asasi ya wavuvi mkaguzi angepiga simu tatu na mambo yangekwisha jioni ile ile. Hapa mratibu ana jibu linalofunga mjadala: "Hao 17 waliogopa kuandika majina yao, nikawaandikia mimi." Na kibaya zaidi, jibu hilo linaweza kuwa kweli. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinatoa kifungo cha kuanzia miaka 30 hadi maisha kwa kujamiiana kinyume cha maumbile. Februari 2017 serikali ilifunga vituo 40 vilivyokuwa vikitoa huduma za Ukimwi kwa makundi haya. Mtu anayesita kuacha sahihi yake kwenye karatasi ya semina ana sababu za kusita. Kwa hiyo hofu ya kweli na wizi wa kweli vinavaa shati moja, na mwanachama wa kawaida, yule mwelimishaji rika anayelipwa nauli tu, hawezi kuvitofautisha. Akiuliza kikaoni, ataambiwa ametumwa na polisi. Akiuliza mara ya pili, ataondolewa kwenye kundi la WhatsApp. Mara ya tatu haulizi tena. Anaanzisha kikundi chake, anamwandikia mfadhili, na mwaka unaofuata yeye ndiye anayeshika mizani peke yake.

Hatua inayofuata ndiyo mbaya kuliko zote. Kwa kuwa hakuna hakimu, silaha inayobaki mikononi mwa kila upande ni siri za mwenzake. Picha za mazungumzo ya kundi zinavuja, majina yanamfikia mwenye nyumba, mwajiri, shehe, mchungaji. Ugomvi wa shilingi 340,000 unamfukuzisha kazi mtu ambaye hata kwenye hiyo semina hakuwepo.

Ng'ambo ya ziwa mambo yameanza kwenda tofauti kidogo. Kenya, Februari 2023, Mahakama ya Juu iliamua kwa majaji watatu dhidi ya wawili kwamba NGLHRC, shirika la kutetea haki za mashoga, lilinyimwa usajili isivyo halali, ingawa vifungu vya jinai vyenyewe Mahakama Kuu ilivibakiza Mei 2019. Watu wengi waliichukua hukumu hiyo kama ushindi wa heshima tu. Kwa jicho la mhasibu ni zaidi ya hapo: chama kikisajiliwa, kina katiba iliyowekwa mahali, mwanachama anaweza kuidai, na msajili anaweza kumwita mwenyekiti akajieleze. Uganda ilikwenda upande wa pili. SMUG, shirika la mashoga la huko lililoanzishwa 2004, iliamriwa Agosti 2022 isitishe shughuli kwa kuwa haikusajiliwa, wakati ilikuwa imeomba kusajiliwa kwa jina lake na kukataliwa. Sisi tunasema wazi: anayekataa kuvisajili vikundi hivi kwa hoja ya kulinda maadili, anampa kinga mwizi aliyeko ndani yake.

Ugomvi wenyewe haujaanza Afrika, wala si wa leo. New York, baada ya vurugu za Juni 1969 kwenye baa ya mashoga ya Stonewall iliyovamiwa na polisi, lilianzishwa kundi la Gay Liberation Front ambalo halikuwa na viongozi wa kuchaguliwa. Kila anayehudhuria kikao ana sauti. Desemba ya mwaka huo huo wengine walijitoa, na moja ya sababu ilikuwa mabishano kuhusu kutoa fedha za kundi kwa Black Panthers, chama cha Wamarekani weusi. Waliojitoa wakaunda Gay Activists Alliance lenye katiba, uchaguzi na utaratibu wa vikao. Ni rahisi kusema katiba ndiyo dawa, lakini haikumfaa kitu Sylvia Rivera, aliyepigania haki za watu wa mitaani na magerezani: mwaka 1973 alizomewa jukwaani na wenzake wa harakati zile zile. Katiba inaweza kulinda fedha na isimlinde mtu.

Mfano wa Afrika Kusini una uzito zaidi kwetu. Simon Nkoli, mwanaharakati mweusi wa haki za mashoga aliyepinga pia ubaguzi wa rangi, alikamatwa 1984 akapelekwa kwenye kesi ya uhaini ya Delmas. Chama cha mashoga cha GASA, ambacho wanachama wake wengi walikuwa weupe, kilikataa kusimama naye kwa madai kwamba chenyewe hakijihusishi na siasa. Mwanaharakati yumo gerezani, chama chake kinajadili burudani za wikiendi. GASA ilijikuta ikitengwa na chama cha kimataifa cha vikundi vya mashoga, ILGA, na haikudumu. Nkoli aliachiwa huru 1988, akaanzisha kikundi cha GLOW mwaka huo huo, na Oktoba 1990 Johannesburg ikafanya maandamano yake ya kwanza ya mashoga. Swali alilowaachia wenzake ni la bajeti hasa: kwenye matumizi ya mwaka, fungu la wakili na dhamana liko wapi? Kikundi chenye fungu la fulana na mabango lakini hakina hata shilingi ya dhamana kimeshajieleza.

ILGA nayo haikusalimika. Ilipata hadhi ya ushauri Umoja wa Mataifa mwaka 1993, ikaipoteza 1994 baada ya kubainika kwamba miongoni mwa vyama wanachama kulikuwa na vinavyotetea mahusiano ya watu wazima na watoto. Ilivifukuza mwaka huo huo, lakini hadhi hiyo haikurudi hadi 2011. Miaka 17 kwa kutouliza mapema, "Hawa tuliowaandika ni akina nani?" Wapinzani bado wanaishika hoja hiyo mkononi, na kila kikundi kisicho na masharti ya maandishi kuhusu umri na ulinzi wa watoto kinawaongezea kuni.

Tukirudi kwenye meza ya kazi, tunaeleza yanayofanya kazi hata kwa kikundi kisicho na cheti cha usajili.

Kwanza ni uidhinishaji wa malipo. Watia saini watatu, makundi mawili: kundi A ni mratibu na mhasibu, kundi B ni mjumbe wa bodi asiyelipwa mshahara. Kila malipo yawe na mmoja wa A na mmoja wa B. Hili linajulikana, linalovunjika ni utekelezaji. Mjumbe wa B anaishi Dar, kwa hiyo anasaini hundi kumi tupu aziache droo ya mratibu. Siku hizi hundi zimepungua, malipo yanafanywa kwa simu na mtandao wa benki, mmoja anaandaa na mwingine anaidhinisha. Basi mratibu anakaa na simu zote mbili, au namba ya siri ya mjumbe imeandikwa kwenye karatasi ya njano iliyobandikwa pembeni ya kompyuta. Ukikuta malipo yameandaliwa saa 4:12 usiku na kuidhinishwa saa 4:13, acha kutafuta, umepata. VICOBA za kina mama wa Igogo zinalijua hili kuliko wasomi: sanduku lina kufuli tatu, funguo tatu ziko kwa watu watatu, na sanduku linalala kwa mtu wa nne asiye na ufunguo.

Pili ni mahudhurio, na hapa tukae kidogo kwa sababu ndipo uongo mwingi unapopita. Usiandike jina. Kila mshiriki apewe kadi ndogo yenye namba ya siri inayotungwa mara moja tu: herufi mbili za mwisho za jina la mama, siku na mwezi wa kuzaliwa, na namba ya mfululizo. Kosa la kawaida ni kutunga namba hiyo kwa herufi za jina la mshiriki mwenyewe, halafu safu inayofuata unamwomba namba ya simu. Hapo umeficha mlango ukaacha dirisha wazi. Kosa la pili ni kumtungia mtu namba upya kila anapokuja. Leo atataja tarehe hii, kesho ile, na mwisho wa robo mwaka watu 60 wanaonekana 110. Daftari linalounganisha namba na watu libaki moja, la karatasi, nje ya ofisi, kwa mtu asiyegusa fedha.

Kisha mpimaji wa pili. Saa 4 asubuhi na saa 8 mchana watu wawili wahesabu vichwa, kila mmoja peke yake, waandike namba waliyopata na kusaini. Mmoja wao atoke nje ya kikundi, hata mhudumu wa ukumbi anafaa, maana haulizwi nani kaja, anaulizwa wangapi. Hesabu hiyo ilingane na sahani za mama lishe. Posho ilipwe kwa simu na kamwe isilipwe kwa bahasha. Baada ya siku mbili mjumbe wa bodi achague namba tano bila mpangilio, apige, aulize jambo moja tu: "Umepokea kiasi gani?" Asitaje semina wala kikundi, kwa sababu simu inaweza kupokewa na mama mkwe. Tahadhari: laini zimesajiliwa kwa alama za vidole na jina halisi hutokea kwenye skrini unapotuma, hivyo orodha ya malipo inageuka kuwa orodha ya watu. Ihifadhiwe kwa nywila na ionwe na mhasibu, mkaguzi na huyo mjumbe anayepiga simu tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti. Ni kinga ambayo vikundi vingi havijaanza kuitumia hata kuelimishana.

Masurufu, yaani fedha mtu anazotangulizwa kwa ajili ya kazi, yarejeshwe ndani ya siku 7, na asiyerejesha asipewe mengine. Hilo halihitaji maelezo.

Linalohitaji maelezo ni malalamiko dhidi ya wakubwa. Kikundi kiwe na jopo la watu watatu, mmoja kutoka nje kabisa: wakili, muuguzi mstaafu, yeyote ambaye hana rafiki wala mpenzi ndani ya kikundi. Tunasema mpenzi kwa makusudi. Hivi ni vikundi vidogo, walioachana wanakaa bodi moja, na nusu ya "misimamo" inayosikika kikaoni ni vidonda vya mapenzi. Anayelalamikiwa asimamishwe kusaini malipo kuanzia siku ya malalamiko, bila kuhesabiwa kuwa na hatia, na jopo lijibu kwa maandishi ndani ya siku 14. Kama tuhuma ni za kingono, mtuhumiwa aondolewe siku hiyo hiyo kwenye nyumba ya hifadhi na kwenye ugawaji wa nauli, kwa kuwa mwenye kugawa kitanda kwa kijana aliyefukuzwa nyumbani ana nguvu kuliko mwenyekiti. Hata mashirika makubwa yanahitaji jicho la nje: Septemba 2021 bodi ya Human Rights Campaign, shirika la haki za mashoga la Marekani, ilimwondoa rais wake, Alphonso David, baada ya kuajiri mawakili wa nje kuchunguza alivyomsaidia gavana wa New York, Andrew Cuomo, wakati akituhumiwa unyanyasaji wa kingono. David alipinga, akashtaki, wakamalizana 2023. Ilikuwa aibu, ila ilikuwa aibu yenye makaratasi.

Na sharti moja lisilo na rufaa: atakayetoa siri ya mwenzake nje, iwe kwa polisi, familia au mtandaoni, anapoteza uongozi hata kama kwenye fedha alikuwa na haki. Tunajua kuna watakaosema sharti hili linamlinda mwizi. Lingemlinda kama jopo lisingekuwepo.

Wafadhili nao tusiwaache. Wanamtafuta mtu mmoja anayeandika Kiingereza kizuri, wanampa ruzuku, wanamwalika mikutanoni, halafu wanashangaa kwamba amekuwa chifu. Wanalipia semina, hawalipii mhasibu. Ripoti inaombwa kwa lugha ambayo waelimishaji rika wa Kirumba na Igombe hawaisomi, kwa hiyo walioitwa wanufaika ndio wasiojua bajeti ilikuwa na nini. Tunapendekeza jambo dogo: ukurasa mmoja wa Kiswahili kila robo mwaka, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, mshahara wa mratibu ukiwemo, usomwe kwa sauti kikaoni bila kupigwa picha.

Kwa kikundi kinachopitishia fedha kwenye shirika mama lililosajiliwa, makubaliano yaandikwe kabla ya shilingi ya kwanza: shirika mama linakata asilimia ngapi, kompyuta ni mali ya nani, salio linakwenda wapi. Na shirika mama lisijifiche. Kanuni za mashirika yasiyo ya kiserikali za 2018 zinataka shirika likipata zaidi ya shilingi milioni 20 litangaze fedha hizo na liwasilishe mkataba ndani ya siku 10. Kugawa ruzuku ya milioni 38 vipande viwili ili kukwepa hilo ni mtego wa kujitegea wenyewe. Siku Msajili wa mashirika hayo akiuliza, hakuna atakayejali ulikuwa unamlinda nani.

La mwisho limekuwa la haraka tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada kwa siku 90 na miradi mingi ikafungwa ghafla bila makabidhiano. Kulegezwa kwa amri kulikofuata Februari kuliruhusu dawa za kinga kabla ya maambukizi ya VVU kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu, makundi mengine yakaachwa nje. Ofisi inapofungwa, watu hugombea pikipiki na viti na kusahau kabati la mafaili. Orodha ya wateja isigawanywe wala kubebwa na upande wowote kwenda kuanzishia kikundi kipya. Wanaotumia dawa wapewe barua za uhamisho, kila mmoja mkononi mwake, aende kituo anachokitaka. Nywila za kurasa za mtandaoni zibadilishwe mbele ya wote. Vitabu vya fedha vitunzwe miaka isiyopungua 5 kama sheria ya kodi inavyotaka. Lile daftari linalounganisha namba na watu, ukaguzi wa mwisho ukishasainiwa, lichomwe mbele ya mashahidi watatu, na hati ya kuteketeza iandikwe tarehe, saa na idadi ya kurasa.

Majina na anwani zetu unazo, Mhariri. Tunaomba usiyachapishe.

Wahasibu wa asasi za kiraia,
Nyamagana, Mwanza